Mcheza Kwao Hutunzwa



Wazee walisema: Mcheza kwao hutunzwa. Mtu akicheza ngoma mbele ya jamaa zake, hata kama miguu yake ni mizito, atapata zawadi. Mgeni akicheza vema kumpita, atapigiwa makofi tu, kisha aende zake. Hapo hakuna udanganyifu, maana kila mtu ajua kwamba ile ni sherehe ya nyumbani. Lakini wenye ngoma wakitangaza, “Njoni nyote, leo twashindana, na aliye hodari ndiye atakayeshinda,” mambo yamegeuka. Sasa wametoa ahadi, na ahadi ni deni.

Leo twataka kuipima ahadi hiyo katika mashindano mawili ya dansi yaonyeshwayo katika televisheni. La kwanza ni Strictly Come Dancing la BBC, lililoanza Uingereza mwaka 2004. La pili ni mtoto wake, Dancing with the Stars, lililoanza Marekani mwaka 2005 katika kituo cha ABC.

Utaratibu wake ni huu. Mtu mwenye sifa, kama mwimbaji, mchezaji wa sinema au mwanasiasa, huunganishwa na mwalimu wa dansi. Kila juma wawili hao hufundishana, kisha hucheza mbele ya waamuzi. Kila mwamuzi hutoa alama, 10 ndiyo ya juu. Watazamaji nyumbani nao hupiga kura. Hesabu hizo mbili huunganishwa, na mmoja wa walio chini hutoka, mpaka abaki mshindi mmoja.

Twakiri kwamba mambo haya yafurahisha. Kumwona mtu mzima ambaye juma la kwanza hakujua aweke mguu wapi, naye baada ya majuma kumi ateleza sakafuni kama maji, ni jambo la kupendeza kweli. Hatukuandika ili tuwakataze watu furaha. Twauliza neno moja tu: Je, hili ni shindano la dansi?

Wengi hudhani kwamba upendeleo ni kuiba kura. Sisi hatusemi hivyo, wala haifai kumshtaki mtu bila ushahidi. Tena hakuna haja ya kuiba. Mwenye ngoma anazo njia nyingine, zote za halali, zote mbele ya macho yetu.

Kwanza, yeye ndiye achaguaye wachezaji. Mwaka 2010 Marekani walikuwa na misimu miwili. Wa kwanza alishinda Nicole Scherzinger, mwimbaji wa Pussycat Dolls, kundi lililojulikana kwa kucheza sawa na kwa kuimba. Wa pili alishinda Jennifer Grey, aliyepata sifa kwa filamu ya dansi, Dirty Dancing, ya mwaka 1987. Hatusemi hawakustahili, walicheza vizuri sana. Lakini walioshindana nao, je, walianza mbio katika mstari mmoja?

Pili, mwenye ngoma ndiye aamuaye nani atafundishwa na nani, na mwalimu hodari ni nusu ya ushindi. Tatu, ndiye apangaye nani acheze kwanza na nani acheze mwisho. Nasi sote twajua kwamba wa mwisho hukumbukwa kuliko wa kwanza. Nne, kabla ya kila dansi huonyesha filamu fupi. Huyu aonekana akilia kwa kumkumbuka marehemu baba yake. Yule aonekana akifanya mzaha tu. Dansi haijaanza bado, na moyo wa mtazamaji umekwisha kuelekezwa.

Tutazame mifano. Msimu wa kwanza kabisa Marekani, mwaka 2005, mshindi alikuwa Kelly Monaco, mchezaji wa General Hospital, mchezo wa kituo kile kile cha ABC. John O'Hurley akawa wa pili. Watu walinung'unika: mcheza kwao ametunzwa! Labda walimwonea dada huyo. Lakini tazameni ABC walifanya nini. Septemba ya mwaka ule ule waliwarudisha wote wawili washindane tena katika televisheni, na mara hii O'Hurley akashinda. Basi hata manung'uniko yaligeuzwa kuwa onyesho jipya. Mwenye ngoma hakupata hasara yo yote.

Uingereza, mwaka 2008, John Sergeant, mwandishi wa habari za siasa, alipewa alama za chini na waamuzi, lakini watazamaji walimpenda, wakamwokoa juma baada ya juma, na waliocheza vizuri kumpita wakatoka. Mwezi wa Novemba alijitoa mwenyewe, kwa kuogopa kwamba angeweza kushinda. Twamheshimu sana mtu huyo. Yeye, mgeni katika dansi, alikumbuka kwamba neno “shindano” lina maana.

Marekani, mwaka 2018, Bobby Bones, mtangazaji wa radio, alishinda ingawa alama zake zilikuwa chini kuliko za wenzake. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa: waamuzi wakapewa uwezo wa kumwokoa mmoja wa wawili walio chini. Mtu hatengenezi paa lisilovuja.

Hata kiti cha mwamuzi hakikupona. Mwaka 2009 BBC ilimwondoa Arlene Phillips, mtunzi wa dansi mwenye miaka 66, ikamweka Alesha Dixon, mwimbaji wa miaka 30 aliyeshinda mwaka 2007. BBC ilikana kwamba umri ndiyo sababu. Sawa. Lakini katika kazi ya kuhukumu dansi, aliyejua zaidi ndiye aliyetoka.

Kwa nini hivyo? ABC huishi kwa feza za matangazo, na matangazo hufuata macho ya watu. BBC haiuzi matangazo Uingereza, lakini nayo ilishindana miaka mingi na The X Factor ya ITV jioni ya Jumamosi. Basi kila mmoja humtafuta mchezaji atakayewafanya watu wasizime televisheni. Hodari akileta watazamaji, vema. Asiye hodari akiwaleta, vema vile vile.

Mtu atatujibu: Basi kosa ni la watazamaji, wao ndio wapigao kura. Hapana. Mwaka 2021 walimpa ushindi Rose Ayling-Ellis, kiziwi. Katika dansi moja muziki ulinyamaza kabisa, naye na mwenzake wakaendelea kucheza katika kimya, ili watu waonje kidogo ulimwengu wake. Mwaka 2024 walimpa ushindi Chris McCausland, kipofu, aliyejifunza hatua ambazo hakuweza kuziona. Hapo habari ya maisha haikubandikwa juu ya dansi. Ilikuwa ndani ya dansi yenyewe. Watazamaji waliiona, wakaamua vema. Macho ya watu si mabaya, yakionyeshwa kitu cha kweli.

Wengine watasema: Huu ni mchezo tu, nani aumia? Aumia yule aliyefanya mazoezi mpaka miguu ikavimba, akatoka bila kujua kama alishindwa kwa dansi au kwa kukosa sifa. Aumia pia kijana atazamaye, akifundishwa kwamba kujulikana na kujua ni kitu kimoja.

Dawa yake si ngumu. Wapige kura ya bahati ili kupanga nani acheze kwanza na nani acheze mwisho. Waseme wazi tangu mwanzo nani amewahi kufundishwa dansi. Mwisho wa msimu watangaze kila mmoja alipata kura ngapi, jambo ambalo BBC hailifanyi. Au kama hawataki hayo, waliite jambo lao kwa jina lake: sherehe ya watu wenye sifa. Nasi tutakuja, tutapiga makofi, wala hatutalalamika.

Mcheza kwao na atunzwe. Ila wasimwite mgeni aje kushindana naye.