Shujaa Asiyeogopa Anatuchosha

Vijana wenzangu wa kalamu, hebu tuambizane ukweli. Kuna ugonjwa umeingia kwenye hadithi zetu. Mhusika akibanwa tu, anakunja ngumi na kusema, "Bring it on!" Mwingine, "I'm ready for anything!" Halafu hadithi imekwisha. Sasa msomaji afanye nini, apige makofi?

Sigombi na Kiingereza. Konda wa daladala akisema "No sweat", mwandike hivyo hivyo, maana ndivyo mjini tunavyoongea. Ninachopinga ni kwamba maneno haya yanafuta woga, na pasipo woga hakuna ujasiri.

Tuseme mhusika wako ni mmachinga wa Kariakoo. Jana mgambo wamebeba mali yake yote, leo asubuhi anarudi na viatu jozi tatu za mkopo. Akisema "Bring it on", amekuwa jamaa wa sinema. Lakini ukituambia alipiga moyo konde, tunauona moyo wenyewe: unadunda, unataka kukimbia, mpaka upigwe ngumi ndiyo utulie. Akisema "Liwalo na liwe", tunajua huenda likawa baya, na yeye kashajua. Mama yake akijifunga kibwebwe, tunaiona khanga kiunoni na kazi iliyoko mbele. Na anayesema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, huyo keshakubali kuloa.

Hata wenye lugha yao maneno haya yamewahi kuwatokea puani. Julai 2003, Rais George W. Bush wa Marekani aliwajibu waliokuwa wakishambulia majeshi yake kule Iraq: "Bring 'em on." Mwaka 2006 alikiri hadharani kwamba anajutia kauli ile. Msemaji alikuwa Washington, risasi zilikuwa Iraq. Kujigamba ni rahisi ukiwa mbali na moto.

Na usidhani dawa ni kutafsiri. "Kumshika fahali kwa pembe" ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukifika pale patamu, weka kalamu chini kidogo ujiulize: huyu mtu anaogopa nini, na akishindwa atapoteza nini? Ukishajua, maneno yatakuja yenyewe. Yakija kwa Kiingereza, poa tu. Ila yaje na jasho.