Mkuki wa Balsa

Hadithi za njozi zimetuzoesha shujaa barubaru aliyeandikiwa ushujaa na nyota. Seirei no Moribito, anime ya vipindi 26 iliyorushwa Japani mwaka 2007, inatuletea mwanamke wa miaka 30, mgeni atokaye nchi ya milimani ya Kanbal, mkuki mkononi, nywele kazifunga nyuma bila pambo. Jina lake Balsa, na kazi yake ni kulinda watu kwa malipo. Hana mume wala mtoto, na hakuna anayemtaka ajieleze kwa hilo. Mimi hapo tu nilishatekwa.

Balsa ana deni. Jiguro, aliyemtorosha utotoni na kumlea, alilazimika kuwaua marafiki zake wanane waliotumwa kuwafuatia. Balsa akaapa kuokoa roho nane. Kiapo hicho hakihubiriwi. Kinaonekana katika mapigano. Tazama kipindi cha tatu, katika mashamba ya mpunga. Wawindaji wanne wa mfalme wamemzunguka, nao wamekuja kuua. Yeye kila pigo analipima: liumize, lisiue. Mwongozaji Kenji Kamiyama na wachoraji wa Production I.G wameufanya mwili useme. Unaona uzito unavyohama mguu hadi mguu, pumzi inavyokatika, damu inavyomtoka. Ndani ya dakika hizo chache nilimjua Balsa kuliko ambavyo hotuba yoyote ingenijulisha.

Anayelindwa na Balsa ni Chagum, mwanamfalme wa New Yogo. Tumboni mwake mna yai la roho ya maji, na baba yake mwenyewe, mfalme aliyewatuma wawindaji wale, ameagiza auawe, kwa kuwa historia ya ufalme inasema mwasisi wao, Torgal, alilishinda pepo la maji. Itakuwaje pepo hilohilo likae ndani ya mzao wake?

Hapa ndipo ufundi wa Nahoko Uehashi, mwandishi wa riwaya ya mwaka 1996 iliyozaa anime hii, unapong'aa. Yeye ni mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti miongoni mwa wenyeji wa asili wa Australia, na inaonekana. Wayakoo, wenye nchi kabla ya Wayogo kuja, walijua kwamba roho ile huleta mvua, si balaa. Lakini wameoana na wageni, lugha imefifia, na yaliyobaki ni vipande vya hadithi na nyimbo za sherehe ambazo waimbaji wenyewe hawajui tena zinasema nini. Ukweli wa Wayogo nao umefungiwa kwenye mabamba ya mawe chini ya kasri. Mshindi kauficha, mshindwa kausahau. Bibi Torogai, mganga wa Kiyakoo mwenye ulimi mkali, anahangaika kuokota vipande vya upande wake, na kijana msoma nyota Shuga anafukua vya upande wa pili. Sijaona njozi nyingine inayomheshimu mzee wa kijijini kama msomi kiasi hiki.

Watu hulalamika kwamba vipindi vya katikati vinakwenda polepole. Ukiitazama, usiviruke. Humo Chagum anaishi kwenye kinu cha maji, anajichanganya na watoto wa mtaani, anagundua jinsi mchezesha dadu anavyowapunja watu, na anaanza kuwa mtu kabla ya kuwa mfalme.