OpenSSL 3.0: Ukikaa Kimya, Ufunguo Unabaki Wazi

OpenSSL ni maktaba ya usalama inayotumika kwenye seva nyingi duniani. Toleo la 3.0, lililotoka Septemba 2021, lilileta enkoda: sehemu inayochukua ufunguo wa siri ulio ndani ya programu na kuuandika kwenye faili.

Wazo lenyewe ni zuri. Unataja mambo mawili, kila moja peke yake: umbo la nje (DER ni baiti tupu, PEM ni baiti hizohizo kwa herufi za kawaida) na mpangilio wa ndani, kama PKCS8.

Shida ni kwamba unayataja kwa maneno tu. Ukiteleza ukakosea herufi, kompaila hainung'uniki. Hata maktaba haikugomei papo hapo. Inakupa kikapu kitupu, kisicho na enkoda hata moja. Usipohesabu, utajua wakati wa kuandika faili.

Hilo bado dogo, maana angalau linakwama. Hatari ni lile lisilokwama: usipotaja saifa, ufunguo unaandikwa wazi, bila onyo lolote. Atakayelipata faili, kapata na ufunguo.

Maktaba ya Python iitwayo cryptography haikubali ukimya huo. Hutaki ulinzi? Sawa, lakini lazima uandike NoEncryption, na anayekagua kodi yako ataliona.

Basi hebu fungua faili lako la PEM lenye PKCS8. Ukikuta BEGIN PRIVATE KEY bila neno ENCRYPTED katikati, ujue ulinyamaza mahali.