Mtihani wa Mkalimani wa Lugha ya Alama: Kipimo na Kinachopimwa

Kazi ya mkalimani ni kazi ya amana. Watu wawili wasioelewana humkabidhi maneno yao, wala hapana hata mmoja kati yao awezaye kumsahihisha, kwani lau angaliweza asingalimhitaji. Kwa sababu hiyo serikali kadha wa kadha zimeona yafaa kumpima mkalimani kabla hajasimama mbele ya hakimu au tabibu, na kumpa hati mwenye kufuzu. Hati hiyo ni dhamana kwa wale wasioweza kujipimia wenyewe. Lakini dhamana nayo yahitaji kuchunguzwa, ili ijulikane inadhamini nini hasa. Mfano ulio bora kwa uchunguzi huo ni mtihani wa jimbo la Texas, katika Marekani, ambao majimbo mengine pia yameuchukua na kuutumia.

Ukalimani wa lugha ya alama huko Marekani haukuanza kuwa kazi yenye hati. Kwa muda mrefu waliowafasiria viziwi walikuwa watoto wao wenye kusikia, makasisi na walimu, watu waliojifunza lugha nyumbani, kanisani na shuleni, na waliosaidia kwa hisani. Mwaka 1964 wakalimani na walimu walikutana katika mji wa Muncie, jimbo la Indiana, wakaanzisha chama cha kuwaandikisha wakalimani. Na tangu mwaka 1972 chama hicho kikaanza kutoa hati kwa mtihani. Texas haikutosheka na hati ya chama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliweka halmashauri yake yenyewe ya kuwapima wakalimani, ijulikanayo kwa herufi BEI, ambayo leo imo katika idara ya jimbo inayosimamia afya na huduma za watu.

Mtihani wenyewe una milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa maandishi, na hupima Kiingereza cha mtahiniwa. Aliyepita hapo huingia katika mtihani wa vitendo. Huketi mbele ya filamu, akafasiri kwa alama maneno anayoyasikia na kwa sauti alama anazoziona. Kadhalika husoma hati na kuigeuza papo hapo kuwa alama. Hayo yote hunaswa na kamera, kisha wasahihishaji hutazama na kutoa alama za mtihani. Hati zina ngazi tatu, ya msingi, ya juu na ya umahiri, na mbali na hizo ipo hati ya mahakama.

Haki yapasa itendewe kazi hii kabla ya kuikosoa. Kila mtahiniwa huisikia sauti ile ile na kuitazama mikono ile ile, na msahihishaji aweza kurudia kutazama mahali penye shaka. Upendeleo, ambao ni ugonjwa wa mitihani yote ya ana kwa ana, hupungua sana. Tena hesabu haitegemei hisia tupu za msahihishaji: katika maneno ya mtihani huteuliwa vipengele maalumu, na kila kipengele huulizwa kama kimefika au hakikufika.

Hapo ndipo penye ugumu wa kwanza. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu katika chuo cha Gallaudet mjini Washington, alionyesha kwamba alama za viziwi wa Marekani zina muundo kama maneno ya lugha nyingine yoyote: huundwa kwa umbo la kiganja, mahali pa alama na mwendo wa mkono. Uchunguzi uliofuata ulidhihirisha kwamba na uso pia hubeba sarufi. Katika lugha hiyo, swali la kujibiwa ndiyo au siyo huulizwa kwa kuinua nyusi. Msomaji wa Kiswahili ana mfano wake karibu. Neno "ulimwona" laweza kuwa taarifa, na laweza kuwa swali. Herufi ni zile zile, na katika mazungumzo kiimbo pekee ndicho kitenganishacho. Mkalimani akitoa alama zote sawasawa huku nyusi zimelala, shahidi aliyeulizwa kama alimwona mshtakiwa atadhani anaambiwa kwamba alimwona. Hakuna neno lililopotea, na maana imepinduka. Basi kuhesabu vipengele ni njia njema kwa sharti moja tu: kwamba aliyeviteua ametazama uso na nafasi iliyo mbele ya kifua kwa makini yale yale aliyotazamia mikono.

Ugumu wa pili ni mkubwa zaidi, nao hauondoki kwa kuongeza vipengele. Filamu haijibu. Mkalimani hodari hutambulika mara nyingi pale anapoacha kufasiri: anapomsimamisha wakili na kusema kwamba swali halikueleweka, anapomwomba kiziwi arudie, au anapokiri mbele ya hakimu kwamba mtu huyu hakusoma shule, ana alama za nyumbani kwao tu, na kwamba anahitajiwa mkalimani mwingine aliye kiziwi ili wafanye kazi pamoja. Mbele ya filamu mambo hayo hayawezekani. Asiyeelewa hana wa kumwuliza, na akinyamaza hupoteza alama. Kwa hiyo humpasa aendelee kwa kubahatisha. Mtihani unaokusudiwa kuwalinda viziwi na mkalimani mwenye kubahatisha humzoeza kubahatisha kwa utulivu.

Kanuni zilizowekwa chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu haki za watu wenye ulemavu zina shabaha iliyo sahihi zaidi. Husema kwamba mkalimani afaaye ni yule awezaye kufasiri kwa kufanikiwa, kwa usahihi na pasipo kupendelea, katika kuelewa na katika kutoa, akitumia msamiati wowote maalumu unaohitajiwa. Neno la kwanza ndilo zito. Kufanikiwa hakupimiki kwa mtu mmoja. Hupimwa kati ya wawili, mmoja akisema na mwingine akiitikia kwamba ameelewa. Sheria imeangalia maongezi, na mtihani umeangalia utendaji wa mtu peke yake. Pengo lililoko baina ya viwili hivyo haliwezi kuzibwa na hati.

Wapo wawezao kusema kwamba, ikiwa ni hivyo, mtihani wa serikali ni urasimu tu, na afadhali kurudi kwenye hisani ya zamani. Jibu lilionekana Soweto tarehe 10 Desemba 2013, katika ibada ya kumkumbuka Nelson Mandela. Mtu alisimama kando ya wakuu wa nchi akatikisa mikono kwa saa kadhaa, na ulimwengu unaosikia ukamwona ni mkalimani. Viziwi ndio waliojua mara moja kwamba alama zile hazikuwa na maana. Miongoni mwa waliopaza malalamiko siku ile ile ni Wilma Newhoudt-Druchen, mbunge kiziwi wa Afrika Kusini. Kisa hiki huthibitisha kwamba kipimo ni lazima. Tena huonyesha nani aliye na kipimo mkononi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtihani wa ukalimani wa alama ni wa kuaminika kwa kadiri kiziwi alivyomo ndani yake, kwanza kama msahihishaji, na pili kama mtu anayefasiriwa, awezaye kuuliza, kushangaa na kukataa.

Katika jambo moja Texas imetangulia, nalo lawahusu wasomi wa Afrika Mashariki. Halmashauri yake hutoa pia hati ya lugha tatu, Kiingereza, Kihispania na lugha ya alama, kwa kuwa familia za viziwi wengi wa huko huishi katika Kihispania ilhali ofisi huandika Kiingereza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 120, imezitaja lugha tatu za Bunge: Kiswahili, Kiingereza na Lugha Ishara ya Kenya. Mkalimani wa Nairobi au Mombasa aweza kusikia shauri likianza kwa Kiingereza, shahidi akajibu kwa Kiswahili, na kiziwi akawa anangoja mikono yake. Kumpima mtu huyo kwa Kiingereza pekee ni kupima theluthi moja ya mzigo wake.

Mtihani wa Texas, basi, ni kazi ya kuheshimiwa, na mapungufu yake yanafundisha kama mafanikio yake. Filamu na ibaki, kwa ajili ya usawa wake, lakini baada ya filamu mtahiniwa aingizwe katika chumba alimo kiziwi mwenye jambo la kusema, na siku hiyo apewe alama hata kwa kusema, "Sikuelewa, tafadhali rudia."