Mtandao Upi? Uhakiki wa Lugha ya Maelekezo ya Intaneti ya Nyumbani

Istilahi hupimwa mara mbili. Hupimwa kwanza mezani, wataalamu wanapokagua umbo lake, maana yake na uhusiano wake na istilahi nyingine za fani ile ile. Hupimwa mara ya pili mikononi mwa mtu mwenye haja, ambaye hana habari za kikao chetu wala hana nafasi ya kuuliza. Kipimo hiki cha pili ndicho kikali zaidi. Katika makala hii twapenda kukitumia kuhakiki lugha ya maelekezo yanayomfikia mwananchi pale intaneti ya nyumbani kwake inapokwenda polepole.

Tulikuwa Mbalizi, mji ulio kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, magharibi ya jiji la Mbeya, tukiwa wageni wa mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi. Siku hiyo mwenyeji wetu alitakiwa kupeleka orodha ya wanafunzi wake kwa njia ya intaneti kabla ya saa kumi jioni. Saa nane orodha ilikuwa tayari, lakini haikwenda. Alipiga simu kwa watoa huduma, nasi tuliokuwa tumekaa karibu tukayasikia mazungumzo haya:

"Shikamoo mama. Kwa upande wetu mtandao uko sawa."

"Marahaba mwanangu. Huku kwangu mtandao hautembei kabisa."

"Kwenye simu yako mtandao unaonekana?"

"Unaonekana."

"Basi mtandao upo, mama."

Wote wawili walisema kweli, na hakuna aliyemwelewa mwenzake. Mtandao wa kwanza ulikuwa mitambo ya kampuni. Wa pili ulikuwa mwendo wa data hadi kwenye kompyuta ya mwalimu. Wa tatu na wa nne ulikuwa alama ya waifai juu ya kioo cha simu, ambayo huonyesha tu kwamba simu imeshikana na kifaa kilichomo ndani ya nyumba, wala haionyeshi kwamba kifaa hicho nacho kimeshikana na dunia ya nje.

Hatulilaumu neno lenyewe. Mtandao ni neno zuri, lililochipuka katika kitenzi tanda, na limefaulu kuliko istilahi nyingi zilizobuniwa kwa jasho kubwa. Kosa ni mzigo tuliolibebesha. Kampuni ya simu ni mtandao, intaneti ni mtandao, waifai ni mtandao, na majukwaa ya kijamii ni mitandao. Katika maongezi ya kawaida jambo hili halina madhara. Lakini kutafuta kosa ni kazi ya kutenganisha: hapa ni pazima, hapa ni pazima, hapa ndipo penye ubovu. Lugha isiyo na majina ya sehemu haiwezi kuifanya kazi hiyo. Fundi wa baiskeli hawezi kutengeneza kitu ikiwa mnyororo, gurudumu na breki vyote vinaitwa baiskeli.

Wasomaji watakumbuka tarehe 12 Mei 2024, wakati mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipokatika katika eneo lililo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Huduma ilizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa mojawapo. Siku zile aliyezima na kuwasha kifaa chake mara kumi alijichosha bure, kwa kuwa ubovu ulikuwa chini ya bahari. Huko Mbalizi, kinyume chake, bahari ilikuwa salama na mkongo wa taifa ulikuwa salama. Ubovu ulikuwa sebuleni. Hali hizi mbili zimeachana kwa umbali mkubwa sana, lakini Kiswahili chetu cha kila siku huzieleza kwa sentensi moja: mtandao unasumbua.

Turudi kwa mwalimu. Baada ya simu ile kutomfaa, alichukua karatasi ya maelekezo iliyokuja na kifaa. Tunaishukuru karatasi hiyo kwa kuandikwa Kiswahili, maana nyingi haziandikwi. Lakini shukrani haituzuii kuihakiki. Karatasi ilimtaka akianzishe upya kipanga njia. Mwalimu alituuliza kipanga njia ni kipi, naye alidhani ni ile programu ya ramani ya simu inayomwonyesha dereva pa kupita. Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ndivyo neno linavyosema. Mjukuu wake wa darasa la tano ndiye aliyemsaidia: "Bibi, ni ruta hiyo."

Kifaa hiki kimoja tumekikuta katika maandishi mbalimbali kwa majina ya kipanga njia, kisambaza data na ruta. Majina mawili ya kwanza yamebuniwa kwa kueleza kazi, na kila moja lina sehemu ya ukweli. Hata hivyo mwananchi hakutani nayo dukani, wala kwa fundi, wala kwa jirani. Ruta ni neno la mkopo, fupi, limekubali irabu yetu ya mwisho, na watu wanalo. Tumeshajifunza somo hili katika kompyuta: tarakilishi na ngamizi yalitetewa kwa hoja nzito, lakini kwa watumiaji wengi wa Tanzania kompyuta imebaki kompyuta. Tunaonelea kwamba ruta liwe ndilo jina katika maelekezo, na maelezo ya kazi yake yabaki katika kamusi, ambako ndiko mahali pake.

Kosa kubwa zaidi la karatasi ile, hata hivyo, lilikuwa katika neno dogo: upya. Katika ukurasa wa kwanza kuanzisha upya kulimaanisha kuzima kifaa na kukiwasha tena. Katika ukurasa wa pili kuweka upya kulimaanisha kufuta mipango yote, nywila ikiwamo, na kukirudisha kifaa katika hali kilivyotoka kiwandani. Vitendo hivi viwili vinafanana kwa jina lakini tofauti yake ni kama ile ya kufunga duka usiku na kuuza duka. Mwalimu, akiwa na haraka, aliona mchoro wa tundu dogo nyuma ya ruta, akasoma neno upya, akatia pini na kushikilia. Taa zote zilizimika, zikawaka tena, na tangu hapo hata ule mwendo wa kinyonga haukuwapo. Ilimbidi apande bajaji mpaka kwenye duka la stesheni, akalipia huduma ya kutuma orodha, na alipofika zamu yake saa kumi ilikuwa imepita.

Hapa hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayeweza kusema kwamba mwalimu hakusoma. Alisoma, na alitii alichokisoma. Tunapendekeza, basi, neno upya liondolewe katika maelekezo ya aina hii. Cha kwanza kiitwe zima na uwashe, maneno ambayo hata mtoto hawezi kuyakosea. Cha pili kiitwe futa mipango yote, na hasara yake itajwe katika sentensi iyo hiyo. Istilahi ya kitendo chenye hasara haina budi kuitangaza hasara hiyo.

Neno la tatu linalotaka uangalifu ni kasi. Matangazo huahidi kasi, maelekezo huagiza kupima kasi, na mteja hulalamikia kasi. Lakini ndani ya neno hilo yamo mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni wingi wa data inayoweza kupita kwa sekunde moja. La pili ni muda ambao ishara moja huutumia kwenda na kurudi. Wakazi wa Mbalizi wanaujua mradi wa barabara ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi. Barabara ikipanuliwa magari mengi zaidi hupita kwa wakati mmoja; lakini upanuzi huo hauisogezi Dar es Salaam, ambayo imebaki zaidi ya kilometa 800 kutoka hapo. Vivyo hivyo, satelaiti iliyo juu ya ikweta kiasi cha kilometa 36,000 inaweza kuleta data nyingi, lakini swali na jibu lake huivuka safari hiyo mara nne, na hata kwa mwendo wa mwanga karibu nusu sekunde hupotea. Mazungumzo ya video yatakwama japo kipimo cha wingi ni kizuri.

Kwa jambo la kwanza maandishi mengine hutumia kipimo data. Istilahi hiyo haitueleweshi. Kipimo ni chombo au kiasi cha kupimia, na msomaji hujiuliza kinapimwa nini. Twapendekeza upana wa njia. Kwa jambo la pili Kiswahili kina kitenzi cha kale, kawia, hivyo ukawiaji unatosha. Kadhalika vipimo vyenyewe viandikwe kwa ukamilifu. Huduma huuzwa kwa megabiti, ilhali ukubwa wa faili huonyeshwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Faili la megabaiti 10 katika njia ya megabiti 10 kwa sekunde litachukua angalau sekunde 8, si sekunde moja. Anayeandika mega peke yake kwa vyote viwili humfanya mteja aamini kwamba ameibiwa.

Wizi huo wa kudhaniwa unatuleta kwenye neno la nne. Data husafiri ikiwa imegawanywa vipande vidogo, na baadhi ya vipande hupotea njiani ikabidi vitumwe tena. Mfasiri atakayeviita vifurushi atakuwa sahihi katika kamusi na atakosea katika nchi. Kifurushi Tanzania ni bando, yaani kiasi cha data kilicholipiwa. Na malalamiko ya wananchi juu ya vifurushi mwaka 2021 yalikuwa makubwa hata viwango vipya vilivyoanza mwezi Aprili vikasitishwa. Kumwambia mtu kwamba vifurushi vyake vinapotea njiani ni kuwasha moto. Pakiti linafaa, au vipande vya data.

Kesho yake fundi alikuja kutoka Mbeya. Alirudisha mipango, kisha akaunganisha kompyuta na ruta kwa waya: data ikatembea vizuri. Akaenda chumba cha nyuma kwa waifai: ikazorota. Ruta ilikuwa nyuma ya kabati la chuma, na baina yake na chumba kile kulikuwa na kuta mbili za matofali. Ilihamishiwa juu ya rafu ukumbini, na kazi ikaisha. Kosa lote lilikuwa la kuhamisha kifaa kwa hatua nne.

Maelekezo yaliyo bora yangemfikisha mwalimu hapo peke yake. Yangeanza kwa kuzitaja sehemu kwa mpangilio: kifaa chako, waifai ya nyumbani, ruta, njia ya mtoa huduma (iwe waya au mnara), mkongo wa taifa, na mikongo ya baharini. Kisha yangeuliza swali moja kwa kila sehemu. Je, kwa waya data inatembea? Basi kosa ni la waifai. Je, hata kwa waya haitembei? Basi mpigie mtoa huduma, umwambie kwamba hata kwa waya data haitembei, hivyo kosa si la waifai bali huenda ni la ruta au la njia yake.

Lawama ya mwisho ni yetu sisi tulio katika kazi ya istilahi. Tumezoea kutoa orodha kwa mpangilio wa alfabeti, kila neno likisimama peke yake, na hatukai na mtumiaji tukaona kama maneno hayo yanaweza kufanya kazi pamoja. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa umma wanaosoma kurasa hizi watuletee karatasi za maelekezo zilizowahi kuwapotosha, pamoja na maneno yanayotumiwa na mafundi wa mahali pao. Istilahi iliyoshindwa Mbalizi saa tisa alasiri, mwalimu akiwa na orodha mkononi, imeshindwa. Hata kama kikao kiliipitisha kwa kauli moja.