Kupima Ratiba ya Safari ya Ndege: Hesabu Alfajiri, Usihesabu Mbuga

Ratiba inayouzwa haraka ni ile yenye majina mengi. Naivasha, Nakuru, Baringo, Kakamega, Maasai Mara, Tsavo, Watamu, yote kwa siku kumi, na picha ya heroe juu kabisa. Mteja mgeni huona amepewa vingi kwa pesa zake. Mzoefu wa ndege huchukua kalamu na kuweka alama kwenye kila siku ambayo jua litachomoza akiwa ameshafika mahali pa kutazamia, gari limezimwa, darubini shingoni. Kwenye karatasi kama hiyo alama zikifika nne ni bahati. Asubuhi zilizobaki zimeliwa na barabara.

Ndege wengi huimba na kutafuta chakula kuanzia mapambazuko hadi mnamo saa nne. Jua likikolea hutulia vivulini, na uchangamfu haurudi hadi alasiri. Msituni tofauti hiyo huonekana zaidi. Kuondoka Nakuru saa moja asubuhi “ili kuwahi Kakamega” maana yake ni kutumia saa bora za siku kutazama malori, kisha kufika msituni wakati hata majani hayatikisiki. Aliyepanga kwa ujuzi huendesha mchana, ndege nao wakiwa wamepumzika, na hulala mahali pamoja angalau usiku mbili.

Idadi ya spishi nayo hudanganya. Kenya ina zaidi ya spishi 1,000, na mwezi Novemba 1986 Terry Stevenson, John Fanshawe na Andy Roberts waliorodhesha 342 katika siku moja. Wawili wa kwanza ndio baadaye waliotunga kitabu cha mwongozo wa ndege wa Afrika Mashariki kilichotoka mwaka 2002, kinachobebwa na karibu kila mwongozaji. Yale yalikuwa mashindano ya watu walioijua nchi kama kiganja cha mkono. Kampuni inayomwahidi mgeni spishi 500 ndani ya wiki mbili inaweza kutimiza ahadi na bado ikamrudisha nyumbani hajamtazama ndege hata mmoja kwa dakika tano.

Cha kupima ni jinsi mazingira yanavyotofautiana. Mara, Mbuga ya Nairobi na sehemu kubwa ya Tsavo zina tofauti zake, lakini zote ni nchi ya nyasi na miti ya miiba, na ndege wengi hujirudia. Kinangop iko kwenye nyanda za juu, takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Kakamega ni mabaki ya msitu wa mvua wenye undugu na misitu ya Kongo, na huko ndiko anakoonekana shorobo mkubwa wa buluu akirukaruka juu ya miti. Baringo ni joto, mawe na majabali. Dunga, kando ya Kisumu, ni mafunjo yanayoingiwa kwa mtumbwi. Safari ya vituo vinne vya namna hii huishinda ya mbuga nane zinazofanana.

Mpangaji hodari hujua pia kwamba mahali pamoja panaweza kuwa na mazingira kadhaa. Arabuko-Sokoke, karibu na Watamu, ni msitu wa takriban kilomita za mraba 420, na kwenye ratiba nyingi umeandikwa kwa maneno manne tu: “asubuhi, matembezi ya msituni”. Matembezi ya upande gani? Kwenye mchanga mweupe kuna mirihi, miti mirefu iliyoachana, jua likipenya hadi chini. Hapo ndipo pa kumtafuta chozi wa Amani na kwera wa Clarke. Ukivuka hadi kwenye udongo mwekundu, msitu hubadilika: vichaka vimesongamana, matawi yanakwaruza mikono, mtu haoni hatua kumi mbele. Humo ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke, mwenye kimo cha sentimita 17 hivi, ambaye akilala mchana tawini hufanana na jani kavu. Wengine ni wa rangi ya kijivu, wengine wa hudhurungi. Waongozaji wa Gede, kando ya msitu huo, hupita vichakani kumtafuta kwanza, kisha ndipo huwaita wageni, mmoja mmoja, kwa kunyata. Asubuhi moja haitoshi kwa mchanga mweupe na udongo mwekundu. Ratiba yenye asubuhi mbili na jioni moja hapo imeandikwa na mtu aliyewahi kufika.

Huyo kwera wa Clarke anastahili maneno mawili zaidi. Sayansi ilimpa jina mwaka 1913, lakini viota vyake havikujulikana hadi Machi 2013, mtazamaji ndege Fleur Ng'weno na wenzake walipovikuta kwenye kinamasi huko Dakatcha, kaskazini mwa Arabuko. Dakatcha si mbuga ya taifa. Nyasi za Kinangop vilevile: huko ndiko kwa Macronyx sharpei, ndege mwenye kifua cha manjano asiyepatikana nje ya Kenya, na anaishi kwenye mashamba ya watu, mahali ambapo nyasi hazijalimwa wala kupandwa mikaratusi. Msitu wa Ngangao kwenye Vilima vya Taita, wenye hekta 120 hivi, una ndege walio katika hatari kubwa ya kutoweka, na maelfu ya wasafiri hupita Voi bila kuinua macho kuelekea vilima hivyo. Ratiba isiyotoka nje ya malango ya mbuga huwa imewaacha hawa wote. Tena ndani ya mbuga zenye wanyama wakubwa kutembea kwa miguu kumewekewa masharti, kwa hiyo mgeni hutazama kupitia paa la gari. Inafaa kwa tai na mbuni, haifai kwa ndege wa vichakani.

Pwani kuna jaribio zuri la kumpima muuzaji. Muulize atakupeleka Hori ya Mida saa ngapi. Akijibu hapo hapo “saa tisa”, bila kutazama tarehe, ni wa kutiliwa shaka. Maji yakipwa, ndege wa ufukweni husambaa mbali kwenye matope na kubaki nukta; yakianza kujaa husogezwa taratibu kuelekea alipo mtazamaji. Bamvua na maji mafu hubadilisha kila kitu, na saa husogea kila siku. Ndege anayetafutwa na wengi hapo ni mla-kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya Uarabuni na Ghuba, akitaga ndani ya shimo analochimba mchangani.

Msimu nao una lugha yake. Wahamaji kutoka Ulaya na Asia hujaa kati ya Oktoba na Aprili. Tangu 1969 watafiti hukusanyika Ngulia, Tsavo Magharibi, mwishoni mwa mwaka: usiku usio na mwezi, ukungu ukitanda, taa za loji huwavuta ndege waliokuwa wakipita gizani kuelekea kusini. Hunaswa kwa nyavu laini, huvishwa pete mguuni, huachiwa. Kwa kwera, afadhali kufuata mvua. Nje ya msimu wa viota madume wa spishi kadhaa hufanana na shomoro, na hata mzoefu hukuna kichwa.

Kuna pia ratiba zilizochacha. Inayoahidi Nakuru ya waridi ukingo hadi ukingo imenakiliwa kutoka enzi nyingine: kuanzia miaka ya 2010 ziwa lilifurika, magadi yakazimuka, mwani unaoliwa na heroe ukapungua, na makundi makubwa yakahamia Bogoria na kwingineko. Baringo nayo ilipanda ikameza hoteli na barabara za ukingoni. Anayetaja loji iliyo chini ya maji hajapiga simu huko karibuni.

Mwongozaji hupimwa kwa masikio. Kakamega ndege wengi wako juu kabisa ya miti, na asiyejua sauti atakuwa anakisia. Anayecheza sauti ya ndege kwenye simu mara kwa mara ili dume atoke kwa hasira ni wa kuepukwa, hasa wakati wa viota. Kundi nalo liwe dogo: kwenye kijia cha msituni mtu wa saba huona mgongo wa wa sita.

Mwisho, omba orodha ya safari iliyopita, na uisome kama mkaguzi. Orodha ya kweli hutenganisha walioonekana na waliosikika tu, na hutaja mahali na tarehe. Ina mapengo: bundi aliyetafutwa jioni mbili asipatikane, mvua iliyovunja siku ya Kakamega. Orodha ya Julai iliyojaa wahamaji wa Ulaya imepikwa mezani, na bei yake haifai hata kujadiliwa.