Kuupima Mwanga wa Koroboi

Jalada la rufani halina sauti. Shahidi aliyelia akitoa ushahidi halii tena humo, na aliyesita kabla ya kujibu anaonekana kama aliyejibu papo hapo. Kilichobaki ni mwandiko wa hakimu. Majaji watatu wa Mahakama ya Rufani wanapokuja Mwanza kwa vikao, maneno ya mwandiko huo ndiyo wanayokabidhiwa, na kutoka humo waamue kama mtu abaki gerezani au arudi kwao. Nimesoma hukumu zao nyingi, na kila ninapozisoma naona kuwa ufundi wenyewe, kabla ya sheria na vifungu vyake, ni kusoma. Kusoma polepole, ukurasa kwa ukurasa, maneno ya watu ambao msomaji hakuwaona.

Tuchukue shauri la aina inayojulikana sana Usukumani. Ni usiku, katika kijiji kimoja cha Misungwi. Watu wanavunja mlango, wanamkata mwenye nyumba kwa panga, wanachukua fedha. Mwenye nyumba anasema mmoja wao alimtambua kwa mwanga wa koroboi. Shauri linasikilizwa Mahakama ya Wilaya. Kama shahidi ni mzee anayejua Kisukuma tu, mkalimani anayageuza maneno yake kuwa Kiswahili, na kwa miaka mingi hakimu alikuwa akiyaandika kwa Kiingereza, kwa mkono, huku akimtazama shahidi, akiuliza, akizuia mabishano. Mshtakiwa akipatikana na hatia ya unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo chake hakipungui miaka 30. Ana siku 10 za kutoa taarifa kwamba anakusudia kukata rufani Mahakama Kuu, na siku 45 za kuiwasilisha rufani yenyewe. Akishindwa huko, anazo siku 30 za kutoa taarifa ya kwenda Mahakama ya Rufani. Wengi huandika sababu zao za rufani wakiwa gerezani Butimba, bila wakili.

Hapo ndipo kazi ya msajili na makarani wake inapoanza, nayo haisifiwi inavyostahili. Kumbukumbu za rufani lazima ziwe na hati ya mashtaka, mwenendo wote wa shauri tangu siku ya kwanza, vielelezo, hukumu za chini na taarifa ya rufani, vyote kwa mpangilio, kila ukurasa na namba yake. Mwandiko wa hakimu unachapwa upya, na anayechapa akiruka neno “si” katika sentensi moja, ushahidi umegeuka. Katika mashauri ya madai mzigo huu ni wa mrufani mwenyewe. Zamani rufani ziliondolewa mahakamani kwa sababu tarehe ya hati ya kukazia hukumu ilitofautiana na ya hukumu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 mahakama inatakiwa kutazama zaidi haki yenyewe kuliko kasoro za kiufundi, lakini nyaraka muhimu zikikosekana bado shauri linakwama.

Sasa turudi kwenye koroboi. Katika Rufaa ya Jinai Namba 55 ya mwaka 1979, iliyoripotiwa 1980, Mahakama ya Rufani ilikuwa bado changa ilipoweka maswali ambayo kila wakili nchini anayajua hadi leo. Shahidi alimwona mtuhumiwa kwa muda gani? Kwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na kama ni usiku, mwanga ulikuwaje? Alikuwa akimfahamu kabla? Ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho, ilisema, ni dhaifu na usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa.

Maswali hayo yanaonekana mepesi mpaka uone yanavyotumika. Jaji anasoma kwamba shahidi alisema “kulikuwa na mwanga”. Haitoshi. Mwanga wa nini? Koroboi na karabai havimuliki sawa. Ilikuwa mezani au sakafuni? Chumba kina ukubwa gani? Kisha anafika mahali shahidi alipohojiwa na mshtakiwa mwenyewe, na kukuta jibu fupi kwamba taa ilikuwa chumba cha pili. Hakimu aliandika jibu hilo bila kulitilia maanani, Mahakama Kuu ikalipita, na miaka kadhaa baadaye ndilo linalomtoa mtu Butimba. Au kinyume chake: jaji anakuta kwamba alfajiri ile ile, alipofika mwenyekiti wa kitongoji, majeruhi alimtaja mtu huyo kwa jina. Mahakama imeamua kwamba kumtaja mtuhumiwa mapema kabisa ni uthibitisho mkubwa wa kuaminika kwa shahidi, na mwenyekiti akiyaeleza hayo hayo mbele ya hakimu, rufani inakufa. Sijui kazi nyingine ambamo mtu mzima mwenye madaraka makubwa hukaa na kupima taa ya mafuta ya taa kwa makini kiasi hicho, kwa ajili ya mtu asiye na senti.

Utaratibu huu wa kusoma una nasaba. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilianzishwa 1902, Tanganyika ikaingizwa 1921, na majaji wake walikuwa wakizunguka miji mikuu ya eneo hili kusikiliza mashauri. Juu yake, wakati wa ukoloni, palikuwa na Baraza la Siri la Mfalme huko London. Mwaka 1957 mahakama hiyo ilisema kwamba anayesikiliza rufani ya kwanza ana wajibu wa kuupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake, akikumbuka daima kwamba hakuwaona mashahidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na mahakama ikaondoka nayo. Tanzania ikaunda yake 1979. Ufaransa ina mahakama za rufani 36, kila moja na eneo lake. Sisi tunayo moja, nayo husafiri. Mtu wa Misungwi huisubiri Mwanza.

Njia inayoanzia Mahakama ya Mwanzo ni ndefu zaidi, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Huko kwa miaka mingi hakimu aliketi na washauri, na mwenendo huandikwa kwa Kiswahili: SM1, SM2 kwa mashahidi wa mashtaka au wa mdai, kisha SU1 kwa wa utetezi. Mashauri yake hupanda wilayani, kisha Mahakama Kuu, na ili kwenda Mahakama ya Rufani ni lazima Mahakama Kuu ithibitishe kwamba ipo hoja ya sheria. Katika njia hiyo bibi mmoja mzee wa Muleba, aliyekuwa ameuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia, alifika mpaka Mahakama Kuu Mwanza. Ndugu yake alidai kuwa kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza. Mahakama ya Mwanzo ilikubali, ya Wilaya ikakataa. Februari 1990 Jaji James Mwalusanya alimpa bibi haki, akitumia haki za msingi za Katiba zilizokuwa zimeanza kudaiwa mahakamani miaka miwili tu kabla. Kinachonivutia zaidi ni alichofanya baadaye. Hakuifuta mila, aliisawazisha. Mwanaume akiuza shamba la ukoo, ndugu wanaweza kulikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha. Basi na liwe hivyo kwa mwanamke. Ndugu yule alipewa miezi sita ya kulipa shilingi 300,000, la sivyo shamba libaki kwa mnunuzi.

Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote, Kiingereza kikibaki kwa sababu maalumu. Wapo wanaouliza kama Kiswahili kitaweza kubeba hukumu nzito. Mahakimu wa Mahakama za Mwanzo wamekuwa wakichukua ushahidi kwa Kiswahili kwa miongo mingi, wakijua kutofautisha “nilimwona” na “nilimtambua”, “alinipa” na “aliniazima”, bila mwanakamusi yeyote kuwasaidia. Ningependa siku moja majaji wa rufani wakae na mahakimu hao, wafungue majalada ya zamani, na wawaulize waliandikaje.